Lupopo, klabu ya reli: kwa nini penalti za Soweto zinaihusu Kamina

UCHAMBUZI

KAMINA – Mwezi Oktoba 2025, FC Saint-Éloi Lupopo ya Lubumbashi ilisafiri kwenda Afrika Kusini ikiwa na akiba ya mabao 3. Ilikuwa imeifunga Orlando Pirates 3-0 nyumbani, na wengi waliamini kazi imekwisha. Haikuwa imekwisha. Kule Soweto wenyeji walirudisha mabao yote 3, mechi ikaenda kwenye mikwaju ya penalti, na Lupopo ikashinda 5-4. Klabu iliyoanzishwa mwaka 1939 ikaingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika.

Kwa msomaji wa Kinshasa au Dar es Salaam, hiyo ilikuwa habari ya michezo. Hapa Kamina, karibu kilomita 600 kutoka Lubumbashi kwa njia ya reli, ilikuwa pia habari ya familia. Lupopo ni klabu ya watu wa reli. Jina lake la utani ni Cheminots, na rangi zake za njano na buluu zimevaliwa kwa miaka mingi katika miji iliyozaliwa na reli: Likasi, Tenke, Bukama, Kamina, Kaniama, Mwene-Ditu. Mtoto wa mtumishi wa reli hakuhitaji kuuliza ashabikie timu gani. Aliikuta nyumbani, kama alivyokuta jina la ukoo.

Lakini furaha ya penalti ikishapoa, swali linabaki, na si la Lupopo peke yake. Klabu ya jimbo, iliyo mbali na mji mkuu, huishi kwa nguvu ya nani? Historia ya Lupopo inatoa majibu 3 tofauti kwa nyakati 3 tofauti: kwanza kampuni na kanisa, halafu shirika la serikali, na sasa mwanasiasa. Kila jibu lilifanya kazi kwa muda, kisha likaanza kuyumba. Kwa Haut-Lomami, jimbo ambalo bado linatafuta nafasi yake katika mpira wa Kongo, inafaa kuisoma historia hiyo kabla ya kuirudia.

Reli kwanza, mpira baadaye

Kampuni ya reli ya BCK iliundwa mwaka 1906 ili kuunganisha migodi ya Katanga na mito ya Kongo. Treni ya kwanza ilifika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910 ikitokea upande wa kusini. Mwaka 1918 reli ilifika Bukama. Mwaka 1928 ikafunguliwa hadi Port-Francqui, yaani Ilebo, ikipitia Kamina. Baadaye, mwaka 1956, njia ya kutoka Kamina hadi Kabalo ikakamilika, na Kamina ikawa njia panda: upande mmoja Kasai, upande mwingine Tanganyika, na kusini migodi ya shaba. Mji huu ulikua kwa sababu treni zilikutana hapa.

Pamoja na reli zilikuja kambi za wafanyakazi, na pamoja na kambi ulikuja mpira. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, kampuni kubwa za Katanga ziliacha kutegemea vibarua wa muda mfupi, zikaanza kuwaweka wafanyakazi pamoja na wake na watoto wao. Mtu anayekaa kambini mwaka mzima ana Jumapili, na wakubwa wa kikoloni, wa kampuni na wa misheni, walitaka kujua Jumapili hiyo anaipitisha wapi. Mpira ulikuwa jibu zuri kwao: ulimchosha kijana, ulimweka mahali panapoonekana, na ulimfundisha kutii filimbi.

Ndiyo maana si ajabu kwamba klabu 2 kubwa za Lubumbashi zilizaliwa mwaka mmoja, 1939. Mapadri Wabenedikto walianzisha timu ya Saint-Georges kwa ajili ya wanafunzi wao. Timu hiyo ilikuja kuitwa Englebert, jina la kampuni ya matairi iliyoifadhili, na leo ni TP Mazembe. Upande wa reli ilizaliwa Saint-Éloi, yenye jina la mtakatifu anayehesabiwa kuwa msimamizi wa mafundi wa chuma. Kwa mafundi wa karakana za treni, hakukuwa na jina linalofaa zaidi.

Hata hivyo uwanja wa mpira haukubaki kuwa mahali pa utii. Mwezi Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière huko Élisabethville waligoma wakidai nyongeza ya mshahara. Walikusanyika kwenye uwanja wa mpira. Askari waliwafyatulia risasi hapohapo, na makumi ya watu waliuawa, akiwemo Léonard Mpoyo, aliyekuwa msemaji wao. Kiwanja kilichojengwa ili watu wasahau shida za kazi kikawa mahali walipokwenda kuzisema. Tangu hapo, katika Katanga, umati wa uwanjani haujawahi kuwa umati wa mpira tu. Kila mtawala aliyekuja baadaye alilijua hilo.

Mwaka ambao mji mmoja ulikuwa na mabingwa 2

Lupopo ilitwaa ubingwa wa Kongo kwa mara ya kwanza mwaka 1958, miaka 2 kabla ya uhuru. Kisha likaja kizazi cha dhahabu cha Lubumbashi. Englebert, ambayo kwa kutofungwa kwake ilipewa sifa ya Tout Puissant, ilichukua kombe la klabu bingwa Afrika mwaka 1967 na tena mwaka 1968. Hakuna klabu nyingine iliyolichukua mara 2 mfululizo hadi Enyimba ya Nigeria ilipofanya hivyo mwaka 2003 na 2004. Mwaka huohuo wa 1968 timu ya taifa ilishinda Kombe la Mataifa ya Afrika kule Addis Ababa, na bao pekee la fainali dhidi ya Ghana lilifungwa na Pierre Kalala, mshambuliaji wa Englebert.

Na nani alikuwa bingwa wa Kongo mwaka 1968? Lupopo. Yaani katika mji mmoja wa jimbo, mbali na Kinshasa kwa zaidi ya kilomita 1,500 za ndege, palikuwa na bingwa wa Afrika na bingwa wa nchi, na walikuwa timu 2 tofauti. Mazembe ilikuwa na matairi na mapadri, Lupopo ilikuwa na reli. Kila upande ulikuwa na kiwanda, karakana, ofisi ya kumpa mchezaji kazi asubuhi na muda wa mazoezi jioni. Mchezaji hakuwa tajiri, lakini alikuwa na nyumba ya kampuni, zahanati ya kampuni na shule ya watoto. Ushindani wa mpira ulisimama juu ya uchumi unaofanya kazi.

Orodha ya mataji ya Lupopo inasimulia vizuri kilichofuata. Baada ya 1958 na 1968 ilikuwa bingwa mwaka 1981, 1986 na 1990. Halafu 2002. Kombe la Kongo ililichukua mwaka 2007. Ukihesabu utaona kwamba mataji 3 yamebanana kati ya 1981 na 1990, na tangu hapo limepatikana moja tu la ligi. Mpira haukubadilika peke yake. Kilichobadilika ni kile kilichokuwa chini yake.

Treni iliposimama

Mwaka 1974 serikali ya Mobutu iliunganisha kampuni za reli za nchi kuwa shirika moja, SNCZ. Mwaka uliofuata vita vya Angola viliifunga njia ya reli ya Benguela, na shaba ya Katanga ikapoteza mlango wake wa karibu wa bahari. Kwa miaka kadhaa bado Gécamines ilitoa mizigo ya kutosha kuziweka treni njiani: katikati ya miaka ya 1980 ilizalisha karibu tani 470,000 za shaba kwa mwaka. Kisha mgodi wa Kamoto, Kolwezi, uliporomoka mwaka 1990. Ulikuja uporaji wa mwaka 1991, halafu ghasia za 1992 na 1993, ambapo maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga. Wengi walilala kwenye magare kwa wiki nyingi wakisubiri treni. Reli iliyoleta babu zao kufanya kazi ndiyo iliyowarudisha, na ilipitia hapa Kamina.

Kwa klabu kama Lupopo, pigo hilo lilikuwa la aina 2. Kwanza fedha: kufikia mwaka 1994 uzalishaji wa shaba ulikuwa umeshuka chini ya tani 50,000, na reli bila shaba haina mzigo. Pili watu: karakana za reli zilikuwa na wafanyakazi wengi kutoka Kasai, na kuvunjwa kwa kambi hizo kulivunja pia majukwaa ya uwanja, mahali ambapo Muluba wa Kasai na Muluba wa Katanga walikaa benchi moja wakimlaani mwamuzi mmoja.

Mwaka 1995 reli ilikabidhiwa kwa Sizarail, kampuni iliyowashirikisha Wabelgiji na Waafrika Kusini. Mwaka 1997 utawala mpya wa Laurent-Désiré Kabila uliifuta, na shirika la sasa, SNCC, likachukua nafasi. Tangu hapo habari za SNCC zinafahamika kwa kila mkaaji wa Kamina: mishahara inayochelewa kwa miezi, injini chache, reli zilizochoka, wastaafu wanaosubiri haki yao. Zinafahamika pia kwa njia ya uchungu zaidi. Aprili 2014 treni ya mizigo ilianguka karibu na Katongola, si mbali na Kamina, na makumi ya watu waliokuwa wameipanda walikufa. Machi 2022 ajali nyingine ilitokea Buyofwe, katika Lualaba, ikaua tena makumi. Katika ajali zote mbili waliokufa walikuwa juu ya mabehewa ya mizigo, kwa sababu treni ya abiria haipatikani inapohitajika.

Katika hali hiyo, kumwambia mtumishi wa reli aifadhili timu ya mpira ni sawa na kumwomba mkopo mtu anayedaiwa kodi ya nyumba. Jina la Cheminots lilibaki, lakini reli haikuwa tena mwenye nyumba. Ilikuwa kumbukumbu.

Mfuko wa mtu mmoja

Pengo hilo lilijazwa na watu wenye fedha na wenye malengo ya kisiasa. Mazembe ilitangulia. Moïse Katumbi alichukua uongozi wa klabu mwaka 1997, na kuanzia 2007 hadi 2015 alikuwa pia gavana wa Katanga. Matokeo ya uwanjani hayana ubishi. Mazembe ilitwaa Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2009, 2010 na 2015, na Kombe la Shirikisho mwaka 2016 na 2017. Desemba 2010 ilifika fainali ya Kombe la Dunia la klabu kule Abu Dhabi baada ya kuzitoa Pachuca ya Mexico na Internacional ya Brazil, ikawa klabu ya kwanza isiyo ya Ulaya wala Amerika ya Kusini kufika fainali hiyo. Inter Milan ilishinda 3-0, lakini hadi leo watu wanamkumbuka kipa Robert Kidiaba akirukaruka kwa makalio kuliko wanavyowakumbuka wafungaji wa Inter. Uwanja mpya ulifunguliwa Kamalondo mwaka 2011. Mtanzania Mbwana Samatta alikuja kutoka Simba mwaka huo, na mwanzoni mwa 2016 akaondoka kwenda Genk ya Ubelgiji akiwa mchezaji bora wa mwaka kati ya wale wanaocheza barani Afrika.

Lupopo ilichelewa kupata mfadhili wa aina hiyo. Katika miaka ya karibuni klabu iliongozwa na Jacques Kyabula Katwe, aliyechaguliwa gavana wa Haut-Katanga mwaka 2019. Chini yake Cheminots walirudi Afrika: msimu wa 2022-2023 walifika makundi ya Kombe la Shirikisho, na mwaka 2025 zikaja penalti za Soweto. Msimu huo jirani yao Mazembe hakuwemo katika Ligi ya Mabingwa. Kwa shabiki wa njano na buluu aliyevumilia miaka ya ukame, hilo peke yake lilitosha kununulia bia.

Hapa ndipo uchambuzi unapaswa kwenda polepole. Hakuna ubaya mtu mwenye mali kuipenda timu ya kwao na kutoa fedha zake. Bila Katumbi, Mazembe isingefika Abu Dhabi. Tatizo ni kwamba klabu 2 za mji mmoja sasa zimejulikana kwa majina ya wanasiasa wa kambi 2 zinazopingana. Katumbi ni kiongozi wa upinzani, aliyelazimika kuishi nje ya nchi kuanzia 2016 hadi 2019, na ambaye alishika nafasi ya pili katika uchaguzi wa rais wa Desemba 2023. Kyabula alikuwa gavana upande wa wanaotawala. Debi ya Lubumbashi, ambayo zamani iliuliza kama wewe ni wa reli au wa mapadri, leo inaweza kukuuliza ulimpigia nani kura. Na siasa ina kalenda yake. Gavana huondoka. Mfanyabiashara hufungiwa akaunti, huenda uhamishoni, au huchoka. Klabu haina muhula.

Waitaliano nao walipita hapo

Anayedhani hili ni tatizo la Kiafrika aangalie Italia, nchi ambayo miji yake midogo imejenga heshima kubwa ya mpira. Parma, mji wa chakula kaskazini mwa nchi hiyo, ilishinda Kombe la UEFA mwaka 1995 na 1999 kwa fedha za kampuni ya maziwa ya Parmalat. Mwaka 2003 Parmalat ilianguka katika kashfa kubwa ya hesabu za uongo. Klabu ilitangatanga mikononi mwa wamiliki mbalimbali hadi ikafilisika mwaka 2015 na kuanza upya daraja la nne. Chievo, timu ya kitongoji cha Verona iliyowahi kuwashangaza wakubwa wa ligi, iliondolewa kwenye mashindano ya kulipwa mwaka 2021 kwa sababu ya madeni ya kodi. Mashabiki walikuwa walewale, uwanja ulikuwa uleule. Kilichokosekana ni hesabu.

Kuna mfano wa upande wa pili. Atalanta ya Bergamo nayo ina wamiliki matajiri, lakini kwa miongo mingi imejulikana kwa shule yake ya vijana iliyoko Zingonia. Imewalea wachezaji, ikawauza, ikatumia fedha hizo kuwalea wengine. Mwaka 2024 ilitwaa Ligi ya Europa kwa kuifunga Bayer Leverkusen 3-0 mjini Dublin. Bergamo si Milan wala Roma. Ni mji wa mkoani wenye utaratibu.

Italia imeingia pia katika habari zetu kwa mlango mwingine. Mwaka 2025 serikali ya Kongo ilisaini mikataba ya kuitangaza nchi na klabu 3 za Ulaya: AS Monaco, AC Milan na FC Barcelona. Vyombo vya habari viliripoti kwamba mkataba wa Monaco ulikuwa wa euro milioni 1.6 kwa msimu, na ule wa Barcelona zaidi ya euro milioni 40 kwa misimu 4. Serikali ilieleza kwamba lengo ni utalii, sura ya nchi na mafunzo ya michezo kwa vijana. Hoja hiyo inastahili kusikilizwa. Lakini inastahili pia kuulizwa na mtu aliyesimama kwenye kiwanja cha vumbi Kamina: ikiwa jina la Kongo linaweza kulipiwa hadi Milan, kwa nini timu ya Haut-Lomami ikose nauli ya kwenda kucheza mechi ya ligi?

Kindu imefika, Kamina je?

Tangu Katanga ya zamani igawanywe mwaka 2015 kuwa Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika, Kamina ni makao makuu ya jimbo. Tulipata gavana, bunge la jimbo na ofisi. Katika mpira, mgawanyo huo ulituacha mahali pagumu. Mazembe na Lupopo, tulizoziita zetu kwa sababu sote tulikuwa Wakatanga, kwa ramani ni timu za jimbo jingine. Lualaba ina migodi ya kobalti na fedha zake. Sisi tuna reli iliyochoka, kituo kikubwa cha jeshi, kilimo, na vijana.

Kwenye reli mpya ya matumaini pia hatupo. Mradi wa ushoroba wa Lobito, uliompeleka rais wa Marekani Joe Biden nchini Angola mwezi Desemba 2024, unalenga kusafirisha madini ya Kolwezi na maeneo ya jirani kupitia Dilolo hadi bahari ya Atlantiki. Kamina iko kaskazini ya njia hiyo. Wakati injini na mikopo inaelekezwa kule, njia panda yetu inaweza kubaki kuwa mahali treni zilipokuwa zikikutana.

Hata hivyo si kweli kwamba mji wa namna hii hauwezi. Mfano uko kwenye reli ileile. Ukitoka Kamina kwenda Kabalo, kisha ukafuata reli kuelekea kaskazini, unaishia Kindu. Mji huo wa jimbo la Maniema, ambao hauna migodi ya Kolwezi wala viwanda vya Lubumbashi, umetoa AS Maniema Union, timu iliyocheza makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika msimu wa 2024-2025, katika kundi moja na Mamelodi Sundowns, Raja Casablanca na AS FAR. Mechi zake za nyumbani za Afrika ilibidi zichezewe mbali na Kindu, na hilo linaonyesha ukubwa wa kazi: kushinda uwanjani ni sehemu moja, kuwa na uwanja unaokubalika ni nyingine. Lakini timu ilifika.

Karatasi inayokosekana

Basi Kamina ifanye nini? Jibu rahisi ni kumtafuta tajiri, na hakika kila mwanzo wa msimu jina la tajiri fulani hutajwa. Historia ya Lupopo inasema tajiri ni msaada wa muda. Kuna hatua nyingine ambayo haihitaji tajiri, na ambayo klabu nyingi ndogo zinaipuuza: kumwandikisha mtoto.

Sheria za FIFA zinasema kwamba mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla ya mkataba wake kwisha, asilimia 5 ya bei yake hugawanywa kati ya klabu zote zilizomlea tangu msimu wa miaka yake 12 hadi 23. Kwa kila msimu kati ya miaka 12 na 15, klabu hupata asilimia 0.25 ya bei. Kwa kila msimu kati ya 16 na 23, hupata asilimia 0.5. Tangu Novemba 2022 malipo hayo hupitia chombo maalumu cha FIFA kilichoundwa ili fedha ziwafikie wenye haki bila kuzungushwa.

Tupige hesabu ya kwetu. Kijana anacheza katika klabu ya Kamina tangu miaka 12 hadi 15, misimu 4. Anaondoka kwenda Lubumbashi, anang'ara, baadaye anauzwa Ubelgiji kwa euro milioni 1. Misimu yake 4 ya Kamina ni asilimia 1, yaani euro 10,000. Kwa klabu ya Ulaya hizo ni fedha ndogo sana. Kwa klabu ya hapa ni mipira, jezi, nauli za mechi za ligi ya jimbo na posho ya kocha kwa zaidi ya msimu mmoja. Na mtoto akiuzwa tena, asilimia hiyo inahesabiwa tena.

Lakini fedha hizo hazitolewi kwa kumbukumbu za wazee. Zinatolewa kwa karatasi. Klabu lazima iwe imesajiliwa katika chama cha mpira, na mtoto lazima awe ameandikishwa kwa jina lake halisi na tarehe yake halisi ya kuzaliwa, msimu kwa msimu. Hapa ndipo tunapojiumiza wenyewe. Watoto wengi wa miji yetu wanacheza miaka yote bila leseni. Wengine wanapunguziwa umri ili waonekane vipaji vya ajabu. Wengine wanaondoka na mtu asiyejulikana, anayejiita wakala, kwa ahadi ya mdomo. Siku wanapouzwa, kwenye karatasi wamezaliwa kimpira Lubumbashi au Kinshasa. Kamina haipo.

Ligi ya jimbo na vyama vya mpira vya wilaya na mji vinaweza kuanza hapo, na gharama yake ni ndogo kuliko ziara moja ya ujumbe rasmi. Serikali ya jimbo inaweza kusaidia vyeti vya kuzaliwa vipatikane, jambo ambalo ni wajibu wake hata kama mpira usingekuwepo. Klabu zenyewe zinaweza kufanya kitu ambacho Parmalat haikufanya: kuonyesha hesabu. Mwanachama anayetoa franga zake kila mwezi aone kwenye ukuta wa ofisi zimekwenda wapi. Ada ya watu 500 wa kawaida ni ndogo kuliko mfuko wa gavana, lakini watu 500 hawahamishwi kwa amri ya Kinshasa.

Lupopo iliishi kwa sababu watu wa reli waliendelea kuipenda hata reli iliposhindwa kuwalipa. Upendo huo ni mtaji ambao hakuna mfadhili anayeweza kuununua, na ndio uliofanya penalti za Soweto zisikike hadi gare ya Kamina. Ila upendo haujazi fomu. Jioni hii, kwenye viwanja vya mji huu, kuna watoto wa miaka 12 wanaocheza pekupeku hadi giza liingie. Baadhi yao wataondoka na treni siku moja, ikiwa itakuja. Kinachotakiwa ni kwamba kabla hawajapanda, pawe na kitabu kimoja hapa, mahali fulani, chenye majina yao.